Mwano wa Milembe

Mwaka 1976, katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Zagayu, Lukresia Ngeleja alipeleka jina lake kwa katibu ili agombee ujumbe wa halmashauri ya kijiji. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na hoja yake ilikuwa moja tu: lambo lizungushiwe uzio, ng'ombe wanywe upande wao na watu wachote upande wao.

Wiki ya kwanza wanaume walimwita Mheshimiwa, wakacheka. Wiki ya pili mzaha ukaota meno. Ikasemwa kuwa macho yake mekundu ni ya mchawi, na waliosema hivyo walikuwa na mama zao nyumbani, wenye macho mekundu vilevile kwa moshi wa mavi ya ng'ombe wanayopikia. Wiki ya tatu alikuta matuta sita ya pamba yake yamefyekwa.

"Toa jina," alisema Milembe, mama mkwe wake. "Watakuua, mimi nibaki na wajukuu wasio na mama."

"Nimesikia, mayu."

Akakusudia kulitoa Jumatatu.

Jumamosi asubuhi, akitoka lamboni na mtungi kichwani, alizibiwa njia na Bundala, mjumbe aliyekuwa akitetea kiti chake, pamoja na rafiki zake wawili.

"Ni marehemu amekutuma kugombea?" Bundala aliuliza. "Au huko kaburini hana habari?"

Lukresia alijaribu kupita pembeni. Bundala akaupiga mtungi kwa fimbo, ukapasuka, maji yakamlowesha mwanamke mwili mzima. Fimbo ya pili ikampata begani.

Usukumani kuna mwano, ukelele wa hatari. Anayeusikia huacha alichoshika akaufuata na silaha yake. Asiyekwenda hutozwa, na anayeupiga bure hutozwa pia. Lukresia aliujua tangu utoto, lakini alinyamaza. Mwano ni wa wezi wa ng'ombe, ni wa fisi. Wangesema anataka uongozi, na fimbo moja tu imemliza.

Milembe alikuwa akipalilia shamba lililopakana na njia. Aliweka jembe chini, akatia kiganja mdomoni, akapiga.

Watu wakamiminika kutoka kila upande, na mapanga, marungu, pinde. Joakim, kiongozi wa vijana wa ulinzi, alifika akihema.

"Wezi wameelekea wapi?"

"Hakuna mwizi," alisema Bundala, akitabasamu. "Bibi kapiga mwano bure. Mwano ni wa ng'ombe. Atozwe mbuzi."

"Ni wa ng'ombe?" Milembe aliuliza.

"Ndivyo."

"Haya. Huyu mkwe wangu nilimtolea mahari ya ng'ombe kumi na wawili. Joakim, baba yako ndiye aliyewaswaga mpaka kwao Sola. Leo Bundala amewachapa wote kumi na wawili mbele ya macho yangu. Nilitakiwa kusubiri nini?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha wote. Wale rafiki zake walikuwa wamekwisha kujichanganya na umati, kana kwamba nao wameitikia wito. Joakim hakucheka sana. Alinyoosha mkono, Bundala akampa fimbo. Mbuzi alitoka kwa Bundala, akachinjwa mchana huohuo, wakamla walioitikia mwano.

Njiani kurudi nyumbani Milembe aliuliza, "Jumatatu unakwenda kwa katibu?"

"Si ulisema nitoe jina?"

"Nilisema kabla hawajanipigia mkwe. Liache palepale."

Siku ya mkutano mkuu jina la Lukresia liliposomwa mikono ilitosha, ingawa haikuzidi sana. Aliitazama yote, akaona wa Milembe haumo. Jioni alipiga magoti kumsalimu.

"Mayu, mbona hukuninyooshea mkono?"

"Nilinyoosha, liliposomwa jina la kwanza kabisa. Karani akasema bado, niteremshe. Nikateremsha, nikasinzia."

Lukresia alicheka mpaka bega likamuuma.

"Wabeja, mayu," alisema. Asante, mama.

"Unanishukuru kwa kusinzia?"

"Kwa siku ile njiani. Mimi nilikuwa nimenyamaza."

"Nilikuona," Milembe alisema, akasogea kwenye mkeka ili mkwe wake apate pa kukaa.