Imla ya Kijiji Kizima

Nilikuwa na mwaka wa tatu nikifundisha kisomo cha watu wazima huko Ushetu, pale jirani yangu, bibi mmoja mjane, aliponiletea karatasi aliyoikuta imechomekwa mlangoni pake. Alikuja anatabasamu. Mwanawe wa pekee alikuwa machimboni upande wa Bugarama, na tangu aondoke hakuwa ameandika.

"Nisomee, Mwalimu. Anasemaje?"

Karatasi ilisema: *Bibi mchawi, hama kabra ya mvua. Usipohama tutakuja.*

Miaka ile ya tisini hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maneno hayo. Vikongwe wenye macho mekundu walikuwa wakiuawa kwa mapanga, na ya jirani yangu yalikuwa mekundu kweli, kwa sababu kila msimu alichochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku la shemeji yake. Nilimwambia ukweli. Akauliza, "Mwandiko wake mzuri?"

"Mzuri, mayu," nikamjibu, kama tunavyowaita kina mama huko.

"Basi ni mwanafunzi wako."

Niliipeleka karatasi kwa kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Kamanda alijisifu kwa akili zake, na siku hiyo alizitumia zote. Nilimwonyesha kwamba mwandishi ameandika "kabra" badala ya "kabla". Kesho yake aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, akaamuru kila mwanamume anayejua kuandika aandike maneno nitakayosoma.

"Mwandiko utamuumbua," alisema.

Nikasoma barua ile kwa sauti yangu ya imla, kila neno mara mbili, na nukta nikazitaja. Wanaume waliinamia karatasi juu ya magoti. Mmoja alinyoosha mkono kuuliza kama "mchawi" linaanza na herufi kubwa. Bibi mwenyewe alikaa mbele pamoja na kina mama, akisikiliza anavyofukuzwa kijijini polepole ili wasioandika haraka wasiachwe.

Nilipokusanya karatasi, karibu wote walikuwa wameandika "kabra". Mwenyekiti wa kijiji aliandika "kabra". Kamanda pia. Na miandiko ilifanana, maana wengi niliwashika mkono mimi mwenyewe kuwafundisha.

"Mwalimu," kamanda alininong'oneza, "kwani lipi sahihi?"

"Kabla."

Aliitazama karatasi yake, akaikunja akaitia mfukoni. Kisha akasimama. "Mwalimu amemtambua," aliwatangazia watu. "Jina analo. Bibi huyu akipatwa na lolote, hata akijikwaa, Mwalimu atalitaja."

Hakuwa ameniuliza. Jina sikuwa nalo, ila nilikuwa na nyumba yenye mlango wa mabati na komeo moja. Njiani kurudi nilikuwa nikigeuka nyuma kila hatua, na bibi akanishika mkono.

"Usiogope," aliniambia. "Sasa tuko wawili."

Siku zilizofuata wanaume walianza kupita kwake mmoja mmoja. Kila mmoja alikumbuka kwamba ameacha kwangu karatasi, kwa mkono wake mwenyewe, ya kumtishia kikongwe. Wa kwanza alileta kuni. "Mayu," alisema, "yale niliyoandika yalikuwa ya Mwalimu." Mwingine alileta viazi, akasema hivyo hivyo. Shemeji yake bibi, ambaye waligombania naye shamba na salamu zikakatika ingawa bado alimtumikisha, alikuja kumwezekea paa, akamwondoa na kwenye moto wa bani. Nilimtazama sana huyo. Nilirudi nyumbani nikaitoa karatasi yake nikailinganisha na ile barua, nikailinganisha na za wengine, na sikupata kitu.

Mvua zilinyesha, na hakuna aliyemjia. Aliyeandika sijamjua mpaka leo. Kwa miaka kadhaa nilimshuku kila mtu aliyeniamkia kwa heshima.

Darasa langu ndilo lililoumia. Wanaume waliacha kuja, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuniachia tena mwandiko wake. Bibi nilimwalika, akakataa. "Barua moja imenitosha," alisema. Mkaguzi wa elimu alipofika kutoka wilayani alinikuta na kina mama sita, akaandika kwenye ripoti kwamba uhamasishaji wangu kijijini ni hafifu. Alinipa nisome, nikasoma, nikatia sahihi.