Chakacha Ndani ya Ngoma ya Wagaeli

Nilijiunga na ile bendi ya matarumbeta kwa sababu ya ngoma kubwa. Niliipiga nikiwa sekondari Tanga, na baada ya kuhamahama miji mingi mno, hapa Toronto nilitaka mahali pamoja tu ambapo nisipotokea Jumatano jioni, watu wataulizana yuko wapi.

Majira yale ya baridi, kiongozi wetu alileta muziki uliotungwa kutokana na nyimbo na ngoma za Wagaeli wa Uskoti, asili ya babu zake. Nyimbo za taratibu hazikunihusu. Nilikaa na kirungu mapajani. Lakini zile za kuchezwa! Mwendo wake ulikuwa wa chakacha kabisa, ile ya harusi za kwetu pwani, na mkono wangu ukajiendea wenyewe: unasubiri kidogo, halafu unadunda pale ambapo kiuno kingegeuka.

Kiongozi alisimamisha bendi nzima. "Wewe wa ngoma, unachelewa."

"Sichelewi."

"Unachelewa. Piga pale mkono wangu unaposhuka, basi."

Tukarudia. Akatusimamisha tena. Wapiga klarineti wakageuka kunitazama kama mtu aliyewakanyaga. Mke wangu, aliyekuwa akinisubiri nyuma ya ukumbi, alikuwa anatikisa mabega kwa kicheko.

"Baba watoto," akaniambia tukielekea kwenye gari, "leo ilikuwa harusi ya nani?"

"Usinitanie. Kasema nikirudia, Jumamosi ngoma anampa yule mama wa matoazi."

"Ampe! Yule hana kiuno, hatakosea."

Nilinuna mpaka nyumbani Pickering. Si kusahihishwa kulikoniudhi. Kiongozi mwenyewe alitusimulia kwamba watu wa kwao walizicheza ngoma hizo jikoni, viatu vikigonga sakafu mpaka vikombe vinaanguka. Sasa nani aliangusha vikombe kwa mapigo kama yale ya saa ya ukutani?

Jumamosi, kwenye onyesho, nilipiga alivyotaka. Du, du, du, kama fundi anayepigilia misumari. Ukumbi mzima hakuna aliyetikisa hata unyayo. Watu wakapiga makofi ya adabu, na kiongozi akanishika bega.

"Umeona? Kumbe unaweza. Ngoma ni yako."

Nilichokitaka nilikuwa nimekipata, na nilitamani kumrushia kirungu.

Nje, binti yetu, aliyekuja kwa kulazimishwa, akasema kwa Kiingereza chake kwamba safari hii sikukosea hata kidogo. Nikamwambia afunge zipu, tuondoke.