Shimo la ndizi lililookoa vifaranga wa Kemilembe

Saa moja asubuhi ukungu bado umeilalia migomba ya Nkwenda, wilayani Kyerwa. Kemilembe amepiga magoti mbele ya boksi la mbao, kichwa ameinamisha, anasikiliza.

"Kifaranga akipata baridi analia kama mtoto aliyeachwa sokoni," anasema. "Hawa wananong'ona tu. Wako salama."

Anatoa dumu la maji yaliyopoa. Jingine la moto analivika gunia, analisimamisha katikati ya vifaranga. Juu yao inawaka taa ndogo ya kubana umeme. Ni ya kuwaonyesha chakula, basi.

Kemilembe hununua vifaranga wa siku moja, huwalea mpaka waote manyoya, kisha huwauzia majirani. Leo ana wasiwasi. Anamsubiri Mwanamisi, mwenye duka pale senta, aliyeacha kununua kwake mwaka jana baada ya kuuziwa kuku dhaifu.

"Watu wa senta wanamtazama yeye kwanza," anasema. "Huyu asiporudi, kazi hii naiaga."

Zamani banda hili lilikuwa na balbu mbili za wati mia, zikiwaka usiku na mchana. Vifaranga walistawi, lakini karibu nusu ya faida ilirudi kwenye umeme wa LUKU. Ndipo mumewe, Jovitus, aliporudi kutoka Kayanga na mfuko wa taa mpya. Akabadilisha zote: sebuleni, jikoni, hata bandani. Kisha akaenda kuichungulia mita.

"Nikamwambia mke wangu, leo mita imesinzia," Jovitus anakumbuka, akijikuna kisogo. "Kumbe na vifaranga walikuwa wanasinzia moja kwa moja."

Kulipokucha waliwakuta wamerundikana pembeni, wa chini wamekufa. Waliobaki ndio hao waliouzwa wakiwa dhaifu. Taa mpya ilitoa mwanga tele, ila joto haikuwa nalo. Balbu iliyolaumiwa kwa ulafi ndiyo iliyokuwa ikiwaatamia.

Jovitus alitaka kuzirudisha balbu. Mkewe akakataa.

"Nilijiuliza, hivi mimi nanunua mwanga au nanunua moto? Moto si ninao jikoni?"

Shida ikawa namna ya kuutunza. Jibu alilikuta nyuma ya nyumba, kwa mama mkwe wake, Placidia, aliyekuwa akivundika ndizi za kukamulia rubisi, pombe ya kienyeji. Bibi huyo hulipasha shimo moto, hulitandika majani makavu ya migomba, hupanga ndizi mbichi, kisha hufunika. Siku ya kufunua, joto bado linakupiga usoni.

"Akaniambia, mama, nifundishe kuvundika vifaranga," Placidia anasimulia, akicheka mpaka machozi. "Nikamjibu, mwanangu, una akili kweli? Unataka waive?"

Lakini alimfundisha. Jovitus akatengeneza boksi la kuta mbili, majani makavu yakashindiliwa katikati. Maji huchemshwa kwenye moto uleule wa maharage. Mara ya kwanza walifunika mno, vifaranga wakahema midomo wazi, ndipo mfuniko ukatobolewa matundu. Kemilembe alishinda hapo akiwatazama: wakisongamana, baridi, wakilikimbia dumu, joto limezidi.

Sasa uniti zilizokuwa zikiisha kwa wiki zinafika mwisho wa mwezi. Na hakuna kifaranga aliyekufa kwa baridi katika kundi hili.

Mwanamisi anaingia amejifunga khanga mbili, anatetemeka.

"Shikamoo, mama," Kemilembe anamwamkia.

"Marahaba. Mbona kimya? Wamelala, au ndiyo wale ndugu zao wa mwaka jana?"

"Ingiza mkono mwenyewe, mama."

Mwanamisi anaupenyeza mkono chini ya mfuniko. Kifaranga mmoja anampanda kiganjani, anatulia.

"Taa ndogo hii ndiyo inayotoa joto hivi?"

"Si taa, mama. Ni migomba."

Mwanamisi analigonga boksi kwa mkono wa pili. "Niwekee ishirini. Na boksi kama hili, la binti yangu aliyeko kule Nyakasimbi. Kwake umeme haujafika."

Kemilembe anamtazama mumewe, kisha anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hiyo ndiyo ndoto yake, anasema: kuwatengenezea maboksi akina mama ambao nguzo za umeme hazijawafikia, ili nao wafuge.

"Basi mwaka huu shimo langu litakosa majani," Placidia anadakia kutoka mlangoni.

Mazungumzo yameisha, lakini Mwanamisi bado ameinama pale, mkono wake umo ndani ya boksi.

"Niacheni kwanza," anasema. "Huko nje kuna baridi."