Sahani ya Pili

Majirani walimwita Mama Sifongo, naye hakununa, maana harufu ya kazi yake ilimtangulia mlangoni. Maabarani kwao walikuwa wakitafuta dawa ya saratani baharini. Yeye alikatakata sifongo, wanyama wale wanaong'ang'ania mwamba maisha yao yote, akawaloweka kwenye spiriti, kisha akakausha ule mchuzi mpaka ukabaki utando wa kahawia chini ya chupa. Utando uliyeyushwa, ukadondoshwa juu ya seli za saratani kwenye sahani ndogo. Mara nyingi seli zilistawi tu, jeuri kweli, na wao wakaanza upya na sifongo mwingine.

Siku moja zikafa zote. Mama Sifongo, mtu ambaye furaha haikai kifuani, alifika nyumbani akatangaza, "Tumeiua saratani!" Mumewe akamtania kwamba kuanzia leo atamwamkia shikamoo daktari. Maabarani kila mtu husema hivyo, na wote wanajua ni saratani ya kwenye sahani. Lakini mezani alikuwepo dada yake mkubwa, mgonjwa wa saratani ya ini, ambaye hospitalini alibakia kupewa dawa za maumivu tu.

Dada alisubiri hadi walipobaki wawili jikoni.

"Mdogo wangu, nichukulie kidogo. Nani atajua?"

Kesho yake Mama Sifongo alifungua friji ya maabara. Chupa ilikuwa palepale, na hakukuwa na mtu. Tusidanganyane, angeiba. Ila sahani ya pili, ile ya seli za ini zima lisilo na saratani, ya kuona kama dawa inaziacha hai, husomwa siku inayofuata, na mkono wake ukaivuta kwanza kwa mazoea tu. Akainama kwenye hadubini. Nazo zilikuwa zimekufa zote.

Jioni akapiga moyo konde, akaenda kwa dada yake.

"Ile dawa inaua kila kitu, dada. Na ini zima pia. Kuipunguza makali ni kazi ya miaka, kama itawezekana."

"Miaka," dada akasema. Akamtazama. "Sasa ulinitangazia ya nini?"

 Mama Sifongo alikaa ukingoni mwa kitanda akalia kwa kwikwi, na mgonjwa ndiye aliyembembeleza.