Mjomba Hakuwapigia Ndovu Honi

Habari ilimfikia Faris ndani ya mbuga ya Tsavo, saa tano asubuhi, akiwa amezima gari mbele ya twiga watatu. Aliyepiga simu ni binamu yake Ayman, na mtandao ulikuwa ukija na kupotea.

"Faris, baba ametangulia."

"Mjomba? Ametangulia wapi? Keshafika Sala?"

Mkwaruzo. Kimya. Mkwaruzo tena.

"Ametangulia, nakwambia!"

"Basi mwambie anisubiri langoni, na asiwamalizie askari chai yao!"

Usimcheke. Mjomba Abdurahman alistaafu udereva wa watalii mwaka jana, baada ya miaka thelathini na mmoja, na tangu hapo alikuwa akimfuata mpwa wake kutoka Malindi mpaka lango la Sala kwa kigari chake kibovu, amchungulie tu anavyoendesha. Mtu wa namna hiyo ukiambiwa ametangulia, utadhani yuko mbele yako barabarani. Ilibidi Ayman aangue kilio ndipo Faris akafahamu. Mzee alianguka akitia udhu wa sala ya dhuha. Angezikwa baada ya alasiri.

"Na wewe ndiye wa kumpokea kaburini," Ayman akasema. "Fanya haraka."

Hilo Faris alilijua. Mjomba alilitangaza siku ya Idi mbele ya ukoo mzima, sambusa mdomoni: "Siku yangu ikifika, Faris ataingia kaburini anipokee. Ayman mwanangu nampenda, lakini hata sinia la pilau hajawahi kulifikisha salama."

Garini mlikuwa na akina mama saba wa kwaya ya kanisa moja la Gede. Faris akawageukia.

"Mama zangu, mjomba wangu amefariki. Inanibidi nirudi sasa hivi. Samahani, simba hamtamwona."

"Simba ni nini, mwanangu?" akasema mwenyekiti wao, Mama Idah. "Geuza gari."

Sauti moja huko nyuma ikauliza kama hata chui wa njiani hawangesimama kumtazama. Mwenye sauti akafinywa.

Sasa, mjomba huyu alikuwa mtu wa ajabu. Mjini Malindi alikuwa balaa. Alimpigia honi kila kiumbe: mbuzi, bodaboda, bibi arusi. Lakini akishalipita lango la Sala, alikuwa kama aliyeingia msikitini. Alizima redio, akalitolea salamu pori zima, na ole wake mgeni ambaye angepiga mluzi. "Hapa ni kwao," alikuwa akisema. "Nyinyi mmekuja bila kualikwa." Mgeni mmoja alipomwomba atoke njiani asogee ili amwone tembo vizuri, mjomba alimjibu, "Tembo liko Sabaki kwa wagema. Hapa kuna ndovu, na yeye anakuona vizuri hapo hapo ulipo." Mkewe, Bi Kulthum, alisema kwamba kama angepata nyumbani nusu ya heshima anayopewa nyati, angemsamehe hata kukoroma.

Faris alifundishwa kazi na mtu huyo, kwa makofi ya kisogoni.

Walikuwa wamebakiza kama kilomita thelathini wafike langoni walipowakuta ndovu kumi na mmoja wamesimama barabarani. Katikati ya njia mtoto wao mchanga alikuwa amejilaza ubavu, kama mlevi aliyeshindwa kufika kwake. Mama yake alimsimamia juu, masikio wazi.

Faris akazima gari. Dakika tano. Kumi. Ishirini. Kuzunguka kichakani ni marufuku. Alianza Yasin, akaipoteza aya katikati, akaanza upya. Mkono wake ukaenda kwenye honi.

"Mwanangu," Mama Idah akasema taratibu, "asubuhi ulitusomea masharti kama amri za Musa. La kwanza lilikuwa lipi?"

"Tusipige honi."

"Na la pili?"

"Mama, mjomba wangu anazikwa!"

"Najua. Wala sikukatazi. Ukipiga, sisi hatujasikia. Tumezeeka, masikio yamekufa."

Mwenzake wa nyuma akafumba macho, akamwomba Bwana amwinue mtoto huyu wa ndovu kama alivyomwinua Lazaro. Wote wakaitikia amina. Faris naye, bila kujijua, akaitikia amin.

Mtoto hakuinuka.

Faris akautazama mkono wake juu ya usukani, akamkasirikia maiti. "Mzee, umeniponza," akasema kwa sauti. Maana alijua kabisa: kama mjomba angekuwa amekaa hapo, angeegemea kiti, angefungua chupa ya chai, na angeanza kuwasimulia akina mama kile kisa chake cha ndovu jike na wifi zake. Akauondoa mkono.

Zikapita dakika hamsini. Kisha mtoto akasimama, akakojoa njiani kwa kituo kama mwenye shamba, na jamaa nzima ikaingia kichakani.

Walipofika Malindi, alasiri ilikuwa imekwisha kusaliwa. Faris alisimama kwanza nyumbani kwa marehemu, akina mama wakashuka, leso vichwani, waingie kwa wafiwa. Bi Kulthum alikuwa amekaa kwenye jamvi karibu na mlango.

"Umechelewa, Faris. Wameshatoka naye."

"Ndovu, mkaza mjomba. Walituzibia njia."

Akamtazama, macho mekundu. "Ulipiga honi?"

"Sikupiga."

"Basi hata akifufuka leo hana la kukusema. Kimbia."

Alikimbia. Makaburini, Ayman na majirani wawili walikuwa wameshaingia na kumpokea mzee. Walikuwa wamemlaza ubavu wa kulia, uso kibla, na walikuwa wakipanga mbao. Faris alisimama ukingoni. Aliona kipande cha sanda kati ya mbao mbili za mwisho, kisha ubao ukawekwa. Ayman akatoka, magoti yamejaa mchanga, wakashikana mikono.

Faris aliinama, akachota mchanga kwa mikono yote miwili mara tatu, akautia kaburini huku akisoma aya ya kuumbwa kwa udongo, kurudishwa humo na kutolewa tena: Minha khalaqnakum, wa fiha nuidukum, wa minha nukhrijukum taratan ukhra. Watu wakafukia kwa kupokezana majembe. Zamu yake ilipofika, alifukia mpaka akaambiwa ampe mwenzake. Wakalimwagia kaburi maji, wakasimika jiwe upande wa kichwani. Imamu akasoma talakini ya kumkumbusha marehemu shahada yake, akaomba dua, watu wakaitikia, wakatawanyika. Faris na Ayman walibaki kidogo, wakasoma Fatiha, kisha nao wakaondoka.