Mafuta ya Alizeti kwenye Eya Klina

Nakumbuka siku moja ya upepo, ule wa kiangazi unaoinua vumbi la kwetu Mtinko mpaka ng'ombe wanafumba macho, nilipandishwa kwenye pikapu ya baba mkwe wangu nikiwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Mkunga wa zahanati alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya, nipelekwe hospitali mjini upesi. Mwanangu, mpaka leo gari likikohoa barabarani mimi siwezi kuendelea kukaa. Nitasimama, nitachungulia, nitakwenda mlangoni. Nivumilie basi, nikueleze kwa nini.

Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyeendesha. Nyuma alipanda mdogo wangu Iddi, fundi magari wa Unyambwa, aliyekuwa amekuja kunisalimia. Pikapu ilikuwa bado ngeni pale nyumbani. Gari la zamani la mzee lilikuwa limemtumikia tangu mume wangu akiwa shuleni, naye alilikinga na vumbi kwa njia yake: alichukua sponji, akailoweka kwenye mafuta ya alizeti tuliyokamua wenyewe, akaivalisha kwenye eya klina, lile chujio la hewa. Vumbi likanasa kwenye mafuta, injini ikabaki safi. Wenye magari kule kwetu walimwiga wengi. Basi alipopata pikapu akaifanyia vilevile, kwa mapenzi kabisa.

Katikati ya safari gari likaanza kukohoa. Mzee akikanyaga pedali ya mafuta linashtuka, linakosa nguvu, mwisho likazima. Akafungua boneti, akasema petroli ni chafu, tangi limwagwe. Iddi akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, mimi naona kama ni sensa ya hewa."

"Nimeanza kuendesha wewe hujazaliwa. Mwaga tangi."

Na mdogo wangu akainama kutafuta spana. Heshima hiyo, mwanangu.

Nasema wazi, niliogopa. Tukishamwaga, petroli nyingine ingetoka wapi pale porini? Kwetu mke wa mtoto hamwinulii baba mkwe sauti, hata jina lake halitaji, na mimi nilizoea kumjibu huku naangalia chini. Lakini kiti kilikuwa hakikaliki. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena nimeshika mlango. Nikamtazama usoni nikamwambia, "Baba, shikamoo yako nilikupa asubuhi na kesho nitakupa. Sasa hivi naomba umwache Iddi aseme."

Mzee akasogea kando ya boneti. Iddi akaanza kueleza haraka haraka, kama anayeogopa kukatwa tena.

"Mzee, gari lako la zamani lilikuwa halipimi hewa yenyewe. Lilipima mgandamizo tu, kule ndani hewa ikishaingia, halafu kompyuta inapiga hesabu injini imevuta kiasi gani. Mafuta yako hayakulidhuru, labda ule mpira mwembamba unaofikisha hewa kwenye kipimo upasuke ndiyo lingedanganyika. Hili ni jingine. Hili lina kiwaya cha moto, hapa njiani, mara tu baada ya eya klina. Hewa ikipita inakipoza, na kwa kupoa kwake kompyuta inajua hewa ni kiasi gani. Kinapima vizuri kuliko kile cha zamani, ila hakitaki uchafu. Sasa kimepakwa mafuta na vumbi limegandia juu yake, hakihisi hewa sawasawa. Kinasema hewa ni kidogo, injini inapewa petroli kidogo. Hapo ndipo inakohoa."

"Sasa utakisafisha na nini hapa?"

"Sikisafishi. Nakinyamazisha."

Akaing'oa sponji, akachomoa soketi ya ile sensa akaiacha inaning'inia. Kompyuta ikikosa kipimo, alisema, inakwenda kwa makadirio yake. Gari likawaka. Halikuwa na nguvu, lilinuka petroli, mlima mdogo tu linaguna, lakini halikuzima tena. Mzee akaliendesha taratibu mpaka mjini. Nilipasuliwa siku hiyohiyo, na binti yangu akatolewa akiwa amechoka sana, ila analia.

Nilirudi nyumbani na hofu nyingine, ya ule mdomo wangu. Nikawa situlii, nikisikia kikohozi cha mzee uani naacha hata kunyonyesha. Alipokuja alikaa mbali, kama desturi inavyotaka, akaniuliza hali ya mtoto, akaletewa ambebe. Kisha akasema, "Mkwe, uliponikatiza nilikasirika. Nimekasirika mpaka jana. Leo nimembeba huyu mtoto, nikawaza kwamba ningemuua kwa mafuta niliyokamua mwenyewe, na watu wangenipa pole." Akajifuta uso bila kujificha. Sikuwahi kumwona hivyo.

Mwanangu, nakuomba mambo haya uyashike. Jambo lililokufaa jana lilifaa kwa kitu cha jana. Likija jipya, uliza kwanza lenyewe linafanyaje kazi, ndipo ulipake dawa yako. Mkubwa wako mheshimu, lakini ukiona anakosea na roho ya mtu iko hatarini, sema. Ukikatwa, sema tena. Na siku wewe ukiwa mkubwa, kijana akianza kwa sauti ndogo, nyamaza umsikie mpaka amalize, kwa sababu mimi nilibakiza kidogo tu kumzika mtoto kwa ajili ya adabu.

Mungu akupe kinywa kisichotetemeka na sikio lisilo na kiburi. Akuweke, akuzeeshe, na wanao wakuambie ukweli ukiwa bado unaweza kugeuza mwendo.