Detekta Kifuani

Uvimbe wangu haukushikika. Nilipapasa mimi, akapapasa muuguzi, akapapasa mama mkwe kwa ukali kama anayechagua maparachichi sokoni, hakuna aliyeukuta. Picha tu ndiyo iliyouona. Daktari wa Mwanza alichukua kinyama cha kupima, na palepale akaacha chembe ya chuma, ndogo kuliko punje ya mchele, iwe alama. Majibu yalipotoka kuwa ni saratani, akasema anaweza kukata sehemu ile tu na kuniachia titi langu, mradi siku ya upasuaji alama ionekane. Nililipenda titi langu, na sikuona haya kusema hivyo.

Tukarudi nyumbani Kalangalala kungoja siku. Mama mkwe alishikilia lake: kitu kisichoshikika hakiaminiki, wakate lote. Mume wangu, mchimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa, alikuwa upande wangu, ila kwa namna yake. Yeye hachimbi mahali mpaka detekta ilie. Jumamosi moja, baada ya chai, akanisimamisha uani, akanipitishia kifuani mashine ya kutafutia dhahabu. Ikalia. Akafurahi mno, akamwita mama yake aje asikie.

Mama mkwe, ambaye hadanganyiki, akaniamuru nivue sidiria, maana ina vishikizo vya chuma. Nikavua, nikajifunga kanga. Mashine ikapita tena. Kimya.

Hapo ndipo wazimu ulipoanza. Mume wangu alisadiki kwamba alama imedondoka. Akapima shuka, akapima zulia, akapima godoro la springi, nalo likapiga kelele kama tarumbeta za harusi. Akachekecha hata taka za ufagio kwenye karai. Mama yake aliketi kwenye kigoda, ametulia kama aliyeshinda kesi. Nami, mwenye akili zangu timamu, niliinama na tochi chini ya kitanda, kwa sababu niliogopa kweli. Alama ingepotea, titi nalo lingekwenda.

Mwishowe nikampigia daktari. Nadhani aliweka simu kando kwanza acheke. Akaeleza kwamba chembe ile ni ndogo mno kwa mashine ya wachimbaji, na haidondoki. Siku yenyewe wataiona kwa picha, watapitisha waya mwembamba hadi pale ilipo, naye ataufuata waya. Mume wangu akanipokonya simu.

"Daktari, ukiukosa mwamba usichimbe hovyo. Nipigie kwanza."

Nilipozinduka baada ya upasuaji, mama mkwe ndiye aliyekuwa kando ya kitanda. Akaniambia kipande kilichokatwa kilipigwa picha palepale, alama imo ndani, uvimbe umo. Sikumwamini. Akanishika mkono, akauweka taratibu juu ya bandeji. Titi langu lilikuwepo. Nikalia kwa sauti, wodi nzima ikageuka.

Naye alikuwa analia.

"Mayo, mama yangu, mimi sikuwa na ugomvi na titi," alisema. "Nilitaka ubaki wewe."